Billy Meredith na Sheria ya Pauni Nne

Katika miji yetu, na hata vijijini palipo na umeme, siku ya Jumamosi utaona vijana wamejazana mbele ya televisheni kutazama mpira wa Uingereza. Wengine ni watu wa Manchester United, wengine ni watu wa Manchester City, nao hutaniana mpaka usiku. Lakini ukiwauliza ni nani aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa klabu hizo zote mbili kabla babu zetu hawajazaliwa, ni wachache watakaoweza kujibu. Mtu huyo ni William Henry Meredith, aliyeitwa na watu wote Billy. Alizaliwa mwaka 1874 akafa mwaka 1958. Nimependa kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu habari za maisha yake, si kwa sababu ya magoli yake tu, bali kwa sababu alishindana kwa miaka mingi na sheria moja ya fedha, iliyowekwa ili klabu tajiri na klabu maskini ziweze kucheza kwa usawa. Shauri la sheria za namna hiyo halijakwisha mpaka leo.

Utoto wake

Billy alizaliwa tarehe 30 Julai 1874 karibu na mji mdogo wa Chirk, kaskazini ya Wales, mpakani kabisa na Uingereza. Kazi kubwa ya watu wa huko ilikuwa kuchimba makaa ya mawe. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa Kimethodisti, watu wa kazi na sala, nao walikuwa na watoto wengi. Alipotimiza miaka 12, Billy alishuka mgodini kama watoto wenzake wa mahali pale. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuongoza farasi wadogo waliovuta magari ya makaa chini ya ardhi, gizani.

Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana linaeleza mengi yaliyokuja baadaye. Billy alijua jasho na ujira kabla ya kujua sifa. Tena wachimba makaa walikuwa na desturi ya kuungana ili kutetea mishahara yao, na kijana aliyekulia kati yao hakuona ajabu watu wa kazi moja kuwa na chama kimoja.

Mpira aliujua shuleni na viwanjani pale Chirk. Mwalimu mmoja wa mji huo, aitwaye T. E. Thomas, aliupenda sana mchezo huu, na kutoka mikononi mwake walitoka wachezaji wengi wa timu ya taifa ya Wales. Mwaka 1894 Chirk, mji wa wachimba makaa, walishinda Kombe la Wales, na Billy alikuwa mmoja wao. Mwaka huohuo watu wa Manchester City walimfuata. Mama yake hakupendezwa hata kidogo na habari ya mwanawe kwenda mji mkubwa kulipwa kwa kucheza. Basi Billy akakubali kwa sharti kwamba aendelee na kazi ya mgodini, na kwa zaidi ya mwaka mmoja alichimba makaa siku za juma na kupanda gari la moshi siku ya mchezo.

Alikuwa winga wa kulia, mwenye miguu myembamba iliyopinda kidogo. Mdomoni alikuwa na kijiti cha kuchokolea meno, akikitafuna tangu mwanzo wa mchezo mpaka mwisho. Aliukokota mpira pembeni mwa uwanja mpaka karibu na kona, halafu akaupiga katikati mbele ya goli, mahali hasa alipokuwa mwenzake. Alifunga magoli mengi mwenyewe pia. Haukupita muda mrefu akawa kepteni wa City, na watu walilipa kiingilio ili wamwone yeye.

Jinsi sheria ilivyowekwa

Sasa sharti nieleze sheria yenyewe, kwa maana bila kuijua hatuwezi kuyaelewa maisha ya mtu huyu.

Mpaka mwaka 1885 ilikuwa ni kosa katika Uingereza kumlipa mtu mshahara kwa kucheza mpira. Klabu nyingi zililipa kwa siri. Mwaka ule Chama cha Mpira cha Uingereza kiliruhusu malipo, na mwaka 1888 klabu 12 zikaunda Ligi, ambayo ndiyo mama wa ligi zote duniani. Hapo ikaonekana shida. Klabu ya mji mkubwa ina watazamaji wengi, na watazamaji ni fedha. Klabu ya mji mdogo ina watu wachache. Kama kila klabu italipa ipendavyo, wachezaji wote hodari watakwenda miji mikubwa, na zile ndogo zitafungwa magoli mpaka zife. Na zikifa, hao wakubwa watacheza na nani?

Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, wala mimi siidharau. Hapa shuleni kwetu mwalimu wa michezo huwagawa wanafunzi wapya katika mabweni, ili bweni moja lisikusanye wachezaji wote hodari. Mimi ni kepteni wa bweni langu, na faida ya jambo hilo naijua vizuri, kwani mchezo ambao mshindi wake anajulikana kabla ya filimbi kulia haumvuti mtu kuja kutazama.

Wakubwa wa mpira wa Uingereza waliponya shida hiyo kwa dawa mbili. Dawa ya kwanza ilianza katika miaka ya 1890. Mchezaji aliyekwisha andikishwa na klabu moja ya Ligi hakuweza kwenda klabu nyingine ya Ligi bila ruhusa ya klabu yake, hata kama mkataba wake umekwisha. Klabu iliweza kumzuia, au kumwuza kwa bei iliyotaka. Dawa ya pili ilianza mwaka 1901. Chama cha Mpira kiliamuru kwamba mchezaji yeyote, hata awe hodari namna gani, asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa juma, wala asipewe zawadi ya fedha kwa kushinda. Mchezaji anayejiunga na klabu aliweza kupewa pauni 10 tu.

Pauni 4 kwa juma hazikuwa kidogo siku hizo. Fundi hodari wa Uingereza alipata chini ya pauni 2. Kwa hiyo watu wengi waliona kwamba wachezaji hawana haki ya kulalamika. Lakini fundi hufanya kazi mpaka uzee, na mchezaji huvunjika mguu siku moja akawa hana kazi. Tena sheria ile iliweka kikomo cha mshahara, lakini haikuweka kikomo cha bei ya mchezaji kati ya klabu na klabu. Mwezi wa Februari mwaka 1905 Middlesbrough walimnunua Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000, bei ambayo haikupata kusikika. Tupige hesabu: mchezaji wa pauni 4 angefanya kazi majuma 250, yaani karibu miaka mitano, ili apate pauni 1,000. Klabu yenye fedha iliendelea kuwanunua wale hodari, na fedha zile zilikwenda kwa klabu iliyouza.

Kombe, kisha aibu

Tarehe 23 Aprili 1904 Manchester City walicheza fainali ya Kombe la Uingereza na Bolton Wanderers katika uwanja wa Crystal Palace, London, mbele ya watu zaidi ya 61,000. City walishinda goli moja kwa sifuri, na mfungaji alikuwa Billy Meredith, kepteni wao. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza la klabu hiyo, na waliporudi Manchester watu walijaa barabarani kuwapokea.

Lakini kulikuwa na siri nyuma ya furaha hiyo. City hawakuwa wakiifuata sheria ya pauni 4. Meredith mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba tangu mwaka 1902 alikuwa akilipwa pauni 6 kwa juma, na wenzake pia walipata zaidi ya kiasi kilichoruhusiwa. Wala City hawakuwa peke yao. Watu wa mpira walijua kwamba klabu nyingi zinafanya vivyo hivyo. Sheria ilikuwa kama ua wa miti mikavu: mwenye nguvu alipita na kurudishia miti mahali pake, na kwa mbali ua ulionekana mzima.

Mwisho wa msimu uliofuata, tarehe 29 Aprili 1905, City walikwenda kucheza na Aston Villa. Walikuwa bado na tumaini la kushinda Ligi. Mchezo ulikuwa wa ghasia, wachezaji wakapigana, na City wakashindwa magoli 3 kwa 2. Baadaye kukatokea habari nzito: Meredith alishtakiwa kwamba alitaka kumpa kepteni wa Villa, Alec Leake, pauni 10 ili Villa waachie mchezo. Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Lakini safari hii rupia ilileta udhia mkubwa zaidi. Meredith alikana. Chama cha Mpira hakikumwamini, kikamfungia asicheze mpaka mwisho wa Aprili 1906.

Katika jambo hili siwezi kumtetea. Rushwa ni rushwa, hata kama mtoaji ni shujaa wetu. Baadaye yeye mwenyewe aliacha kukana, akasema kwamba alifanya vile kwa amri ya meneja wake, na wenzake wakijua. Lakini kuamriwa hakuufuti uovu.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoibadili njia yake. Mchezaji aliyefungiwa hakuruhusiwa kulipwa. Meredith alikwenda kwa mabwana wa klabu akidai mshahara wake, kwa sababu, kwa maneno yake, alikuwa amebeba mzigo wa wote. Wao waliogopa, wakamwepuka, na mwishowe wakampeleka wenyewe mbele ya Chama cha Mpira kwa kosa la kudai fedha. Wahenga walisema kweli, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Ndipo Meredith alipofungua kinywa akaeleza yote: pauni 6 zake, mishahara ya wenzake, na zawadi za fedha baada ya kushinda.

Hukumu ilitoka mwaka 1906, nayo ilikuwa kali kuliko zote zilizotangulia. Klabu ilitozwa faini ya pauni 250. Mwenyekiti na meneja, Tom Maley, walifukuzwa katika mpira. Wachezaji 17 walifungiwa mpaka tarehe 1 Januari 1907, wakatozwa faini jumla ya pauni 900, na wakakatazwa wasiichezee City tena. Naomba msomaji azitazame hesabu hizo mbili. Klabu iliyotoa fedha kwa siri ilitozwa pauni 250, na watu waliozipokea wakatozwa pauni 900. Wachezaji wa City wakanunuliwa na klabu nyingine kama ng'ombe mnadani.

Manchester United na chama cha wachezaji

Meneja wa Manchester United, Ernest Mangnall, alikuwa mwepesi kuliko wenzake. Alimchukua Meredith, kisha akawachukua wengine watatu wa City: Sandy Turnbull, Herbert Burgess na Jimmy Bannister. Siku kifungo kilipokwisha, tarehe 1 Januari 1907, Meredith aliingia uwanjani na jezi ya United, na wapinzani walikuwa walewale Aston Villa. United walishinda goli moja kwa sifuri. Turnbull alifunga, na mpira ulitoka mguuni mwa Meredith. Mwaka 1908 United wakashinda Ligi kwa mara ya kwanza, mwaka 1909 wakachukua Kombe la Uingereza, na mwaka 1911 wakashinda Ligi tena. Hivyo, sheria iliyokusudiwa kuzuia nguvu zisikusanyike mahali pamoja ilikuwa imeibomoa timu moja kubwa na kuijenga nyingine katika mji uleule.

Mtu mwingine angeridhika na vikombe, lakini Meredith hakuridhika. Mwezi wa Aprili 1907 mwenzake katika klabu, Thomas Blackstock, alianguka akiwa anachezea timu ya pili ya United baada ya kuupiga mpira kwa kichwa, akafa. Jamaa zake hawakulipwa kitu. Ilikuwa wazi kwamba mchezaji akiumia au akifa hana wa kumsemea.

Basi tarehe 2 Desemba 1907 wachezaji walikutana katika Imperial Hotel, Manchester, na Meredith akakalia kiti cha mwenyekiti. Pale ndipo kilipozaliwa chama cha wachezaji, ambacho mzizi wake unaishi mpaka leo katika chama cha wachezaji wa Uingereza. Walitaka mambo yaliyo wazi: sheria ya pauni 4 iondolewe, mchezaji aliyemaliza mkataba awe huru kwenda atakako, na walioumia wasaidiwe.

Mwanzoni wakubwa wa Chama cha Mpira walikivumilia. Lakini mwaka 1909, walipoona chama hicho kinataka kuungana na vyama vya wafanyakazi wengine wa Uingereza, waliamuru kila mchezaji ajitoe, na asiyejitoa asicheze tena. Wachezaji wa klabu nyingi walitia sahihi, maana mtu ana mke na watoto, na mkono mtupu haulambwi. Wachezaji wa Manchester United walikataa. Hawakulipwa mshahara, wala hawakuruhusiwa kutumia uwanja wa klabu yao. Waliendelea kufanya mazoezi mahali paitwapo Fallowfield, wakapigwa picha ya pamoja wakiwa na ubao ulioandikwa jina walilojipa wenyewe, yaani timu ya waliotupwa. Kumbuka kwamba hao ndio waliokuwa wamechukua Kombe la Uingereza miezi michache tu iliyopita.

Msimu mpya ulikuwa uanze tarehe 1 Septemba. Tarehe 31 Agosti pande mbili zikapatana. Chama cha wachezaji kikatambuliwa, na zawadi za fedha zikaruhusiwa. Lakini wachezaji walikubali kuachana na vyama vya wafanyakazi wengine, na kikomo cha mshahara kikabaki. Mwaka 1910 kiliongezwa kidogo, ili mchezaji aliyekaa miaka mingi na klabu yake aweze kufikia pauni 5. Meredith hakufurahi. Aliona kwamba wenzake waliuza jambo kubwa kwa bei ya jambo dogo.

Mwaka 1912 chama kilijaribu njia ya mahakama. Mchezaji mmoja, Herbert Kingaby, aliwashtaki Aston Villa kwa sababu walimwekea bei kubwa, hata akashindwa kupata klabu nyingine ya Ligi. Mahakama ikawapa haki Villa. Gharama za kesi hiyo zilikaribia kukiua chama. Kwa miaka mingi baada ya hapo sheria ilikaa imara kama mwamba.

Uzee uwanjani

Meredith hakuacha kucheza. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha alikuwa na miaka zaidi ya 44, umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kuwa watazamaji. Tarehe 15 Machi 1920, akiwa na miaka 45, aliichezea Wales dhidi ya Uingereza mjini London, na Wales wakashinda 2 kwa 1. Ilikuwa mechi yake ya 48 na ya mwisho ya taifa, nao Wales wakawa washindi wa mashindano ya mataifa ya visiwa vya Uingereza mwaka ule. Watu waliokuwapo walimwona akilia kwa furaha.

Hata katika umri huo ile sheria ya kuzuia wachezaji ilimfuata. Alipotaka kuondoka United, klabu ilitaka bei. Yeye akashikilia kwamba mtu aliyetumika miaka yote ile hapaswi kuuzwa. Mwaka 1921 aliachiwa bila bei, akarudi Manchester City, klabu ya ujana wake. Mwaka 1924, akiwa na miaka 49, alicheza nusu fainali ya Kombe la Uingereza dhidi ya Newcastle United. City walishindwa 2 kwa 0, na huo ukawa mwisho wa michezo yake mikubwa. Baada ya hapo aliendesha hoteli mjini Manchester, akaishi maisha ya kawaida. Alikufa tarehe 19 Aprili 1958, mwenye miaka 83. Siku zile mji wote ulikuwa bado katika msiba wa wachezaji wa United waliokufa katika ajali ya ndege ya Munich mwezi wa Februari, na kifo cha mzee mmoja hakikusikika sana. Alizikwa katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 2001 ndipo chama cha wachezaji, Chama cha Mpira cha Wales, na klabu zote mbili za Manchester waliposaidiana kumwekea jiwe lenye jina lake.

Hakuiona siku aliyoingoja. Mwezi wa Januari 1961 wachezaji wa Uingereza, wakiongozwa na Jimmy Hill, walikuwa tayari kugoma, na Ligi ikakubali kuondoa kikomo cha mshahara, ambacho wakati huo kilikuwa pauni 20. Upesi Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa juma. Mwaka 1963 mahakama ikaamua katika kesi ya George Eastham na Newcastle United kwamba sheria ya kumzuia mchezaji aliyemaliza mkataba haikuwa ya haki. Mambo yote mawili yalikuwa yametajwa na Meredith na wenzake tangu mwaka 1907.

Je, sheria ilikuwa na maana?

Baadhi ya wenzangu darasani, nilipowasimulia habari hizi, walisema kwamba Meredith alikosea, na kwamba kikomo cha mshahara kilikuwa kizuri kwa mpira. Hoja yao si ya kutupa. Tangu msimu wa 1946/47 mpaka 1960/61, yaani misimu 15, klabu 8 mbalimbali zilishinda Ligi ya Uingereza, zikiwamo Portsmouth na Burnley. Lakini katika misimu 33 ya kwanza ya Ligi Kuu, tangu 1992/93 mpaka 2024/25, washindi ni klabu 7 tu, na Manchester United peke yao walishinda mara 13. Mwenye macho ataona kwamba zamani klabu nyingi zaidi zilikuwa na tumaini.

Hata hivyo nawajibu hivi. Kikomo cha mshahara hakikuwa peke yake siku zile. Tangu mwaka 1919 mpaka 1983 klabu iliyocheza nyumbani ilitoa sehemu ya mapato ya mlangoni, moja ya tano, ikawapa wageni wake. Klabu ndogo ikienda kucheza katika mji mkubwa ilirudi na kitu mfukoni. Hiyo pia ilikuwa sheria ya usawa, lakini tofauti yake ni kubwa. Kugawana kiingilio kulichukua kwa klabu tajiri kukaipa klabu maskini. Kikomo cha mshahara kilichukua kwa mchezaji, nacho hakikuipa klabu maskini hata senti; kile alichonyimwa mchezaji wa klabu tajiri kilibaki katika sanduku la klabu tajiri, nayo ikakitumia kununua mchezaji mwingine. Mwalimu wetu hasawazishi mabweni kwa kumpunguzia mchezaji hodari sahani yake ya ugali. Hugawa vilivyopo ili kila bweni lipate.

Siku hizi wakubwa wa mpira wamerudia shauri lilelile kwa njia nyingine. Mwaka 2009 chama cha mpira cha Ulaya kilikubali sheria kwamba klabu isitumie zaidi ya inachopata, na mwaka 2022 kikaweka sheria mpya kwamba gharama za kikosi zipunguzwe hatua kwa hatua mpaka zisizidi asilimia 70 ya mapato. Katika Uingereza, Everton walinyang'anywa pointi 10 mwezi wa Novemba 2023 kwa kuvuka mpaka wa hasara ulioruhusiwa, na baada ya rufani zikawa 6. Naona hapa kuna maendeleo, maana aliyevunja sheria ni klabu, na klabu ndiyo iliyoadhibiwa. Hakuna mchezaji aliyeuzwa mnadani. Lakini sheria inayosema kila mtu atumie kwa kadiri ya mapato yake humwacha tajiri atumie kitajiri na maskini atumie kimaskini. Inaweza kuiokoa klabu isifilisike, lakini hiyo peke yake haiwezi kuleta usawa.

Basi, ndugu wasomaji, hayo ndiyo niliyojifunza kwa maisha ya Billy Meredith. Alikuwa na makosa, na moja lilikuwa kubwa. Lakini alipoadhibiwa kwa siri ya watu wengi hakunyamaza, na alipopata nafasi nzuri ya kukaa kimya na kufaidi vikombe vyake, alikaa katika kiti cha mwenyekiti wa wenzake wasio na sauti. Sheria yoyote ya kuleta usawa, iwe ya mpira au ya kitu kingine, na tuiulize swali moja kwanza: ni nani anayetoa, na ni nani anayepokea? Tukiona kwamba anayetoa ni yule mwenye kufanya kazi, na anayepokea ni yule aliyekwisha shiba, basi tujue kwamba usawa bado haujafika, hata kama sheria imeandikwa vizuri namna gani.